Wateja wananidai nguo, nyumbani wananidai muda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, naishi Kihonda hapa Morogoro. Kazi yangu ni ufundi cherehani. Nashona nguo za kike, sare za shule na marekebisho ya kila aina. Cherehani zangu mbili ziko chumba cha mbele cha nyumba tunayoishi, dirisha linatazama barabara, kwa hiyo silipi kodi ya fremu. Watu wanasifu mkono wangu. Kinachoniangusha ni muda, na sasa nimefika mahali naogopa kusikia hodi.

Naamka saa 11 alfajiri, naswali, nachemsha chai, natayarisha watoto. Mkubwa yuko darasa la nne na mwaka huu ana mtihani wa taifa. Saa 2 asubuhi nakaa kwenye cherehani. Hapo hapo jirani anaingia kuchaji simu, anakaa. Mteja ananitumia picha ya mshono WhatsApp, nikifungua kumjibu nakutana na ujumbe wa kikoba, wa kamati ya harusi, wa kikundi cha wazazi. Mama mkwe, tunayeishi naye na tunapendana, ananiita nimchue magoti. Mwingine anapita na sketi, "nipinde hapa tu, dakika mbili." Saa 6 mchana lazima niwe jikoni. Magharibi inanikuta nimeunga upande mmoja wa gauni. Basi nasubiri watoto walale, nashona kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 8, siku nyingine saa 9.

Wiki iliyopita nilikuwa nimepokea magauni tisa ya kitenge yenye bitana, ni ya watu wa sendofu moja itakayofanyika mwisho wa mwezi. Nilikuwa pia na pea sita za sare za shule na marekebisho manane. Wote niliwaambia njoo Ijumaa. Ijumaa ilipofika nilikuwa na magauni manne na pea mbili za sare. Wengine waliondoka kimya, mmoja akanisema barabarani, watu wanasikia, kwamba mafundi wote ni waongo. Na kabla ya hapo nilikuwa nimeshaharibu gauni jingine. Niliunga mikono saa 8 usiku, wa kushoto nikauweka kulia, nilipofumua kitambaa kikachanika. Ikabidi ninunue kitenge kingine kwa pesa yangu.

Shangazi, mimi si mzito wa kazi. Nikikaa bila kuinuka, gauni lenye bitana linanichukua masaa matano, kuanzia kukata mpaka pasi. Pea ya sare masaa matatu. Marekebisho nusu saa. Lakini hayo masaa siyaoni yanapokwenda. Na mteja akisema nimrudishie kitambaa na advansi yake, pesa yenyewe huwa imeshaingia kwenye unga, mboga na LUKU.

Mume wangu ni fundi magari, anarudi saa 1 usiku amechoka. Si mtu mbaya. Ila anasema niko nyumbani siku nzima na bado mtoto hajaangaliwa madaftari, na usiku yeye analala peke yake. Nimesoma kwenye simu kwamba watu waliofanikiwa wanaamka saa 10 alfajiri. Nilijaribu, nikawa nasinzia juu ya cherehani. Niliandika ratiba nikabandika ukutani, ikavunjika siku ya kwanza kwa sababu kulikuwa na msiba mtaa wa pili na mimi ni mmoja wa wapishi.

Naomba unipangie ratiba ninayoweza kuifuata. Na nikuulize, nikodi fremu mjini niwe mbali na nyumbani, au niachane na ushonaji nitafute ajira?

Fundi wa Kihonda

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kukesha, na pole zaidi kwa maneno ya barabarani. Yanauma sana kwa mtu aliyekuwa macho saa 8 usiku akishona nguo za watu.

Kabla sijatafuta neno la kukwambia nilichukua kalamu, maana umenipa kitu ambacho wengi wanaoniandikia juu ya muda hawanipi. Umesema kila nguo inachukua masaa mangapi. Tuhesabu pamoja. Magauni tisa kwa masaa matano ni masaa 45. Pea sita za sare kwa masaa matatu ni 18. Marekebisho manane ni masaa manne. Jumla masaa 67, na hapo sijaweka mteja aliyekuja kupimwa, uzi uliokwisha katikati ya mshono, wala umeme uliokatika.

Sasa upande wa pili. Mama mwenye nyumba, watoto watatu na mkwe anaweza kukaa kwenye cherehani bila kuinuka masaa mangapi kwa siku? Mimi nakupa matano, na hayo ni ya kuyapigania. Kwa siku tano za wiki yanakuwa 25. Umeahidi kazi ya masaa 67 ndani ya wiki yenye 25. Wiki yako umeiuza kama kiwanja kimoja kilichouzwa kwa watu watatu, na Ijumaa wote wakaja na karatasi zao mkononi. Ratiba yoyote ambayo ningekupangia juu ya hesabu hiyo ingekuwa karatasi ya pili kuvunjika ukutani.

Kuna hesabu nyingine ndani ya barua yako, na hii ndiyo iliyonikalisha. Magauni manne na pea mbili za sare ulizomaliza ni kazi ya masaa 26. Umekesha wiki nzima, umechanika kichwa, umegombana na mumeo, na mwisho umetoa kazi ya masaa 26, karibu sawa na yale 25 ya mchana niliyokupa. Usiku haukukuongezea kitu. Ulikuwa unarudisha kile mchana ulichokunyang'anya, tena kwa bei kubwa, kwa sababu fundi aliyechoka anafumua, na lile gauni la mikono iliyopishana limekugharimu kazi uliyokwisha kuifanya pamoja na pesa ya kitenge. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima alale walau masaa saba. Wewe ukilala saa 8 usiku na kuamka saa 11 unapata matatu. Hao wanaoamka saa 10 alfajiri, kama ni kweli, wamelala saa 3 usiku, na huenda kuna mtu mwingine anayewachemshia watoto wao chai. Achana nao.

Kwa nini kila mtu aliambiwa Ijumaa? Mteja akisimama mbele yako amekunja kitambaa mkononi, ana furaha na mshono wake, jibu la kumfurahisha ndilo linalotangulia mdomoni. Wala humdanganyi, saa ile unaamini. Unaiona Ijumaa ikiwa tupu kwa ajili yake peke yake, huyaoni magauni manane mengine yanayoingoja Ijumaa hiyo hiyo. Binadamu wengi tuko hivi. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika juu ya udhaifu huu mwaka 1979. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake, huko Kanada, wakachapisha matokeo ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliotakiwa kukadiria lini watamaliza tasnifu zao. Kwa wastani walisema siku 34 hivi. Ikawachukua zaidi ya 55. Hata walipoambiwa wakadirie endapo kila kitu kitakwenda kombo, walitaja siku 49 hivi, na bado walipitiliza. Kwa hiyo usijihukumu kuwa wewe ni mwongo. Ila ujue kwamba kichwa chako, mteja akiwa amesimama mlangoni, si mahali pa kutafutia tarehe. Tarehe itafutwe kwenye daftari.

Unalo daftari la vipimo, kila fundi analo. Ligeuze uanzie nyuma, kila wiki uipe ukurasa wake, juu uandike 20. Nimesema 20, siyo 25, kwa sababu masaa matano ya kila wiki hayana mwenyewe, yanasubiri umeme, homa ya mtoto na gauni litakalorudi kupunguzwa. Kila kitambaa unachopokea unatoa masaa yake. Gauni lenye bitana, toa matano. Pea ya sare, toa matatu. Ukurasa ukifika sifuri umejaa, mteja anayefuata anaingia wiki ya mbele. Mtu akileta kitambaa usimjibu siku kabla hujalifungua daftari, hata awe shoga yako, hata awe wifi. Utashangaa jinsi mteja anavyoelewa akioneshwa ukurasa uliojaa majina. Anayekasirika ni yule aliyeambiwa Ijumaa akaja Ijumaa.

Na hayo masaa matano ya gauni yapime kwa saa ya ukutani. Kata kipande cha karatasi, kibane kwa pini kwenye kitambaa, uandike ulianza saa ngapi na ukaacha saa ngapi, kila unapokaa na kila unapoinuka. Fanya hivyo kwa wiki chache. Sitashangaa gauni likitoka masaa sita na nusu. Likitoka hivyo, hiyo ndiyo namba ya kuweka kwenye daftari, na hiyo ndiyo namba ya kupangia bei.

Sasa nirudi kwenye jambo ulilolipitia kwa mstari mmoja tu, nalo mimi naliona ndilo mzizi. Advansi.

Advansi ikishaliwa, nguo inayokamilika inakuletea kile kisalio kidogo tu. Unashona usiku ukilipia unga wa wiki iliyopita. Na kwa kuwa mkononi hamna kitu, mwingine akibisha hodi na kitambaa na shilingi elfu kumi, utapata wapi ujasiri wa kumwambia umejaa? Unampokea kwa ajili ya ile elfu kumi, ya leo, ya mboga. Kila unapopungukiwa pesa unakopa muda, na muda huo unautoa kwenye usingizi wako na kwenye madaftari ya mtoto. Ndiyo maana ratiba ya ukutani isingekufaa hata kama msiba usingetokea. Ahadi ni deni, wazee walisema, na kwako wewe ni deni kwa maana zote mbili.

Nunua bahasha. Advansi ya mteja iingie kwenye bahasha yenye jina lake, ikae pamoja na kitambaa chake. Itoke kununua bitana, zipu na uzi wa nguo hiyo tu. Inayobaki inakuwa yako siku mteja anapochukua nguo yake. Najua huwezi kufanya hivi kwa wateja wote kuanzia kesho, nyumba inakula kila siku. Anza na mteja mmoja katika kila watatu, halafu wawili, mpaka bahasha zote ziwe na kitu ndani. Itachukua miezi, na miezi hiyo itakubana. Zungumza na mumeo jambo hili mapema, kwa sababu kuna wiki ambazo matumizi yatamwelemea yeye zaidi, na ni haki ajue kwa nini.

Tuje kwenye mchana. Chumba chako hakina mlango mbele ya watu. Hawakudharau, wanakuona dirishani, wanajua uko nyumbani, na aliye nyumbani kwetu huku ni mtu asiye na kazi. Hata mumeo, kwa upendo wote, anaamini hivyo. Huwezi kubadilisha imani hiyo kwa kulalamika, inabadilika kwa saa zinazojulikana. Andika ubao mdogo, utundike nje: wateja wanapokelewa saa 5 hadi 6 mchana, na saa 10 hadi 11 jioni. Kuanzia saa 2 mpaka saa 5 asubuhi pazia la mbele linashushwa na wewe unashona. Masaa matatu hayo ndiyo bora ya siku yako, una nguvu, kuna mwanga, watoto wako shule. Saa 6 mpaka saa 8 ni jiko, chakula na swala. Saa 8 mpaka saa 10 unakaa tena. Umepata matano.

Jirani wa kuchaji simu aachie simu kwa mama mkwe. Mwambie kwa upole, mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu atakuwa ameshajua. Simu yako nayo ikae huko huko kwa mama, na mlio juu ili shule wakipiga asikie. WhatsApp uifungue saa 5 ukiwa na wateja, na jioni. Hakuna mshono ulioharibika kwa kujibiwa masaa matatu baadaye. Yule wa "dakika mbili" umwoneshe kikapu. Marekebisho yote yanaingia kikapuni, yanafanywa Jumamosi asubuhi kwa mkupuo mmoja. Anayetaka leo leo alipe bei ya haraka, na bei hiyo iwe ya kumfanya afikiri.

Ndani ya hayo masaa matano pia kuna muda unaovuja. Gauni moja ukilikata, ukalishona, ukalipiga pasi, ndipo ukamate la pili, unapanga na kupangua meza kila mara. Kata mawili matatu siku moja, asubuhi, kitambaa cheusi kwanza kabisa, maana cheusi usiku ndicho kinachokuumiza macho na kukupotezea mshono. Kisha zifuate rangi za uzi. Zote za uzi mwekundu ziungwe pamoja ndipo ubadilishe bobini. Kazi ya mkono, yaani vifungo, kulabu na kushikiza pindo, iwekee mfuko wake peke yake. Mfuko huo ndio unaoutoa umeme ukikatika, au mgeni akija ambaye huwezi kumwacha akae peke yake. Shangazi yako hana haja ya kukufundisha kushona, lakini nimekaa na mafundi wa kutosha kujua kwamba yule anayewahi siyo lazima awe na mguu mwepesi kwenye cherehani. Mara nyingi ni yule ambaye hainuki kutafuta mkasi.

Msiba ni jambo jingine, na hapa sikubaliani na wanaofundisha kusema hapana kwa kila kitu. Wewe ni mpishi wa msibani. Kesho likikufika, hao hao ndio watakaokuja na masufuria. Nenda. Kifo hakipangiwi siku, kwa hiyo ratiba yako ndiyo iache nafasi. Yale masaa matano yasiyo na mwenyewe na Jumamosi ni kwa ajili ya mambo kama haya. Lakini kamati za harusi zina siku inayojulikana, na vikao vyake vingi ni vya kusikiliza nani ametoa na nani bado. Toa mchango wako kwa moyo, baki kwenye harusi ya ndugu wa karibu, zile nyingine waambie hutaweza vikao. Huko ndiko unakoweza kupata jioni mbili za kukagua madaftari. Mtoto wa darasa la nne ana mtihani wa taifa mbele yake. Nusu saa baada ya magharibi, mezani, simu ikiwa kwa bibi, itamfaa kuliko mama anayemwita mara tano huku macho yake yako kwenye sindano.

Mumeo umkalishe Jumapili, ametulia, daftari likiwa wazi. Usianze na "hunisaidii." Mwoneshe 67 na 25. Yeye ni fundi magari, anajua maana ya kuahidi gari Ijumaa wakati spea haijafika. Kisha muombe jambo moja lenye jina na saa. Kwa mfano, yeye ndiye anayewapeleka watoto shule asubuhi kila siku, au yeye ndiye anayehakikisha maji yamejaa kabla ya kulala. Neno "nisaidie" halina saa, ndiyo maana linasahaulika. Na umpe na wewe ahadi yako, kwamba saa 4 usiku cherehani imefunikwa. Hiyo uitimize kuliko zote.

Mama mkwe nimemwacha mwisho kwa sababu nadhani yeye ni msaada uliokaa bila kutumiwa. Magoti yanauma, mikono haiumi. Muulize kama angependa kukushikizia pindo na vifungo, au kupokea wateja na kuwaambia wasubiri saa 5. Wazee wengi wanafurahi kuwa na kazi yenye kuonekana. Kumchua kuwe baada ya swala ya adhuhuri, kila siku, wakati mmoja, naye ajue hatasahaulika.

Sasa deni lililopo. Umebakiwa na magauni matano, pea nne za sare na marekebisho yote manane, jumla masaa 41. Kwa masaa 25 kwa wiki hayafiki wiki mbili. Wiki hizi mbili hakuna kitambaa kipya, hata kimoja. Magauni ya sendofu yatangulie kwa sababu siku yake haisogei, sare zifuate. Na leo hii, kabla hujakaa kwenye cherehani, piga simu. Wewe ndiye uwapigie, wasije wao kukupigia hodi. "Dada, nguo yako haikuwa tayari Ijumaa, naomba radhi. Itakuwa tayari Alhamisi saa 10 jioni. Kama haitakufaa, kitambaa chako sijakikata, niambie nikurudishie." Yule atakayetaka kitambaa na advansi yake umrudishie, hata kama ni kwa awamu mbili. Yule aliyekusema barabarani mpigie wa kwanza. Ukimtolea nguo yake siku uliyotaja, saa uliyotaja, huyo ndiye atakayekusifu kwa sauti ile ile.

Baada ya hapo tazama kalenda ya mwaka mzima. Kazi ya fundi ina misimu, nayo haikushtukizi, unaijua. Januari shule zinafunguliwa, Desemba kuna Krismasi, na Iddi kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11 kwenye kalenda ya kizungu, kwa hiyo usiitafute pale ilipokuwa mwaka jana. Kwa kila msimu weka tarehe ya kufunga kupokea vitambaa, wiki mbili kabla, uiandike kwenye ubao wa nje mapema. Kama unaye fundi mwenzako unayemwamini, sare za Januari mgawane, na mkubaliane mapema nani anapata kiasi gani.

Kuacha ushonaji sioni sababu. Mtu mwenye mkono unaosifiwa na chumba kisicho na kodi ameshavuka mahali ambapo wengi wanakwama, na ajira itakunyima hata hiyo nafasi ya msibani. Kuhusu fremu ya mjini, subiri. Ukikaa miezi mitatu na daftari likaonyesha kurasa zimejaa kwa nguo zenye bei inayolipa masaa yake, na bahasha zina pesa ndani, hapo tutazungumza. Ukiikodi sasa, kodi itakudai kila mwezi, nauli na muda wa njiani vitakudai kila siku, na ili uvilipe utalazimika kupokea vitambaa kwa ajili ya advansi.

Shangazi